DVD tupu za video: msimbo kwanza, boksi baadaye

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue ukaulizia DVD tupu, utaonyeshwa makopo ya plastiki ya diski 50 yenye majina matano au sita tofauti, na muuzaji atakuambia, "Hizi ni orijino, bosi." Huenda anasema kweli kadiri anavyojua, lakini jina la kwenye kopo halisemi nani ametengeneza diski. Kampuni nyingi zinazouza DVD hazina kiwanda. Hununua diski kwa watengenezaji wachache wenye mitambo, hasa wa Taiwan, kisha huchapisha nembo yao juu. Msimu huu jina fulani linapakia diski za kiwanda kimoja, msimu ujao linapakia za kiwanda kingine kwa kuwa bei imeshuka, na boksi halibadiliki hata rangi. Ni unga wa kinu kimoja kutiwa kwenye mifuko mitatu. Kwa anayechoma video za harusi, mahafali au kumbukumbu za familia, ambako tukio halirudiwi, swali la kuuliza dukani ni moja: diski hizi zina msimbo gani?

Kila DVD tupu hutoka kiwandani na msimbo wa mtengenezaji. Kwenye DVD-R, mojawapo ya aina mbili za diski za kuchomwa mara moja, umewekwa kwa vishimo vidogo vilivyokandamizwa katika plastiki kandokando ya mfereji ambao leza huufuata. Kwenye DVD+R, aina ya pili, umefichwa ndani ya mawimbi ya mfereji wenyewe. Duka haliwezi kuubadilisha, na draivu huusoma kabla ya jambo lolote lingine. Nawe unaweza kuusoma bila gharama. Kwenye Windows, fungua programu ya ImgBurn, ingia sehemu ya Write, weka diski tupu, kisha tazama upande wa kulia kwenye mstari wa Disc ID. Kwenye Linux, amri ya dvd+rw-mediainfo ikifuatiwa na jina la draivu, kwa kawaida /dev/sr0, inatoa habari hiyohiyo. Ni kazi ya sekunde 20, na mwenye duka anayeamini bidhaa yake hatakataa ufungue diski moja uijaribu kwenye laptopu yako kabla hujabeba makopo kumi.

Misimbo ya kukariri si mingi. MCC 03RG20 ni DVD-R ya kasi ya 16x ya Mitsubishi Chemical (MCC), iliyouzwa zaidi kwa jina la Verbatim. MCC 004 ni ndugu yake wa DVD+R. TYG02 na TYG03 ni DVD-R za 8x na 16x za Taiyo Yuden ya Japani, na YUDEN000 T02 na T03 ni DVD+R zake. CMC MAG. AM3 ni DVD-R ya 16x ya CMC Magnetics, RITEKF1 ni ya Ritek, na zote mbili hutoka Taiwan. Misimbo inayoanza na MBI ilikuwa ya Moser Baer ya India. Katika orodha hiyo, kampuni mbili za kwanza ndizo zilizojenga heshima kwa miaka mingi miongoni mwa wanaopima makosa ya diski: Taiyo Yuden kwa diski zinazolingana kutoka ya kwanza hadi ya 100, na MCC kwa rangi yake ya azo (rangi ni tabaka la kemikali ambalo leza huchomea data) inayovumilia mwanga vizuri.

Hapo kuna mambo mawili ya kuyashika. La kwanza, Taiyo Yuden iliacha biashara ya diski mwishoni mwa 2015. Anayekuuzia leo "Taiyo Yuden mpya" ana mzigo uliokaa ghalani miaka kumi na zaidi, au ana bandia. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika ushauri wake wa 2003 ilikadiria kwamba diski ambayo haijachomwa hubaki nzuri kati ya miaka 5 na 10. Kwa hiyo hata ukiupata mzigo wa kweli, usiulipie bei ya sifa. Teknolojia ya Taiyo Yuden ilikwenda kwa CMC, ambao huuza diski kwa jina la CMC Pro. La pili, jina la Verbatim nalo lilinunuliwa na CMC. Mauzo yalitangazwa mwaka 2019. Ukiona kopo la Verbatim sasa, jina halitoshi kabisa. Tafuta maandishi ya AZO kwenye karatasi ya kopo, kisha thibitisha kwa msimbo, kwa sababu jina hilohilo limewahi kubeba diski za MCC na diski za CMC MAG katika mfululizo tofauti wa bidhaa.

Hata msimbo uleule hauleti diski zilezile siku zote. Diski za MCC zimetengenezwa Singapore, Taiwan na India, na ubora wake haukulingana. Ndiyo sababu baada ya msimbo tunasoma nchi ya utengenezaji, na baada ya nchi tunasoma namba iliyochongwa kwenye plastiki ya katikati, karibu na tundu. Namba hiyo ikifanana mwanzo wake kwenye diski zote za kopo, mzigo ni mmoja. Ukikuta diski za juu zina mtindo mmoja wa namba na za chini mtindo mwingine, kopo limejazwa upya na mtu. Lirudishe bila kuendelea kupima.

Bandia zipo pia za msimbo. Kiwanda kisicho na haya kinaweza kukandamiza msimbo wa mwenzake kwenye diski zake, na misimbo ya Taiyo Yuden ndiyo iliyoibwa sana kwa kuwa ndiyo iliyoaminiwa sana. Hasara yake ni zaidi ya kulipia jina lisilo lake. Ndani ya draivu kuna programu yenye jedwali la misimbo, na kila msimbo una maelekezo yake: leza iwashwe kwa nguvu kiasi gani, kwa mapigo ya urefu gani, kwa kasi gani. Draivu ikisoma TYG02 inatumia maelekezo ya rangi ya Taiyo Yuden juu ya rangi nyingine kabisa. Alama zinachomwa fupi mno au ndefu mno, na unapata diski iliyokubali kuchomwa lakini imejaa makosa.

Jedwali hilohilo linaeleza kwa nini diski nzuri inaweza kukataa kwenye draivu moja na kukubali kwenye nyingine. Draivu ya zamani ikikutana na msimbo uliotoka baada yake, hutumia maelekezo ya jumla, na matokeo ni ya kubahatisha. Kabla ya kulaumu kopo zima, tazama kama mtengenezaji wa draivu ametoa toleo jipya la programu hiyo ya ndani, liweke, kisha choma tena. Ukiwa na draivu mbili za makampuni tofauti, choma diski moja kwa kila moja na ulinganishe. Mara nyingi jibu sahihi ni kubadilisha draivu ukaacha diski ileile.

Kuhusu macho: diski mbaya hujionyesha mara nyingi kabla hujaichoma, ukijua pa kutazama. DVD ni sahani mbili za plastiki za milimita 0.6 kila moja, zilizogundishwa kwa gundi, rangi na metali vikiwa katikati. Ishike kwa ukingo, iinue dhidi ya taa nyeupe, upande wa kuchomea ukielekea kwako, uizungushe polepole. Rangi inatakiwa iwe moja kutoka ndani hadi nje. Tundu dogo linalopitisha nukta ya mwanga, wingu jeusi au mstari unaotoka katikati kama mkia maana yake rangi haikusambaa sawasawa mashine ilipokuwa ikiizungusha. Kisha igeuze utazame ukingoni. Gundi inatakiwa ifike mwisho pande zote. Ukiona mahali pana mwanya, au gundi imevuja ikatengeneza kinundu unachokigusa kwa kucha, unyevu utapitia hapo. Mwisho, ilaze juu ya kioo cha meza na ubonyeze ukingo kwa kidole. Ikicheza, imepinda, na leza italazimika kupanda na kushuka kila mzunguko.

Mzigo mpya haununuliwi wote kwa mkupuo. Chukua kopo moja dogo la diski 10 au 25, choma tatu: ya juu kabisa, ya katikati na ya chini kabisa. Za chini hubeba uzito wa nyingine, na kopo lililokaa juani hupindisha za chini kwanza. Zichome zijae, maana diski iliyochomwa gigabaiti moja tu haisemi lolote kuhusu ukingo wa nje, na huko ndiko matatizo huanzia. Kisha pima.

Kuhakiki kwa kitufe cha Verify baada ya kuchoma ni lazima, ila hakutoshi. Kunakuambia kwamba draivu iliyoichoma imeweza kuisoma leo. Draivu ya kompyuta ina nguvu ya kurudia kusoma mahali pamoja mara nyingi hadi ipate. Deki ya sebuleni haina subira hiyo, kwa sababu picha lazima iendelee. Kipimo cha hatua ya pili ni mchoro wa kasi ya kusoma katika programu ya Nero DiscSpeed. Kwenye diski nzuri mstari unapanda taratibu kutoka karibu 6x au 7x ndani hadi karibu 16x nje bila kukatika. Kila mahali unapozama, draivu imerudia kusoma. Mizamo ikiwa mwishoni tu, diski ni dhaifu ukingoni. Ikitapakaa kote, iache chapa hiyo.

Kipimo cha tatu kinahitaji draivu inayotoa hesabu ya makosa, na LiteOn za kompyuta ya mezani ndizo zilizozoeleka kwa kazi hiyo, kwa kutumia programu kama KProbe au Nero DiscSpeed yenyewe. Utaona grafu mbili. Ya juu ni PIE, makosa madogo yanayosahihishwa hatua ya kwanza. Kiwango cha DVD kinaruhusu yasizidi 280 katika vipande nane vya data vinavyofuatana, lakini diski iliyochomwa vizuri hukaa chini ya 50 karibu kote. Ya chini ni PIF, yale yaliyoshindikana hatua ya kwanza yakasubiri ya pili, na hayo yasivuke 4 katika kipande kimoja. Tukichagua grafu moja ya kuiamini tunachagua ya PIF. Diski yenye PIE za wastani na PIF tulivu itacheza. Yenye PIF zinazorukaruka hadi 10 na zaidi itagoma kwenye deki kuukuu hata kama kompyuta imeinyamazia. Namba za draivu mbili hazilinganishwi, kwa hiyo chagua moja ya kupimia na ubaki nayo, kwa kasi ileile, kwa kawaida 8x.

Kipimo cha nne hakihitaji mashine, kinahitaji dirisha. Kwa kila chapa, chukua diski mbili zilizochomwa siku moja kutoka kopo moja. Moja iweke kabatini kwenye giza, ya pili iache dirishani juani, upande wa kuchomea ukiangalia nje, kwa wiki mbili au tatu. Zipime tena. Rangi ni kemikali ya kikaboni, na jua la Pwani linaharakisha uchakavu ambao kabatini ungechukua miaka. Za dirishani za chapa zote zitaongeza makosa kidogo. Ya chapa yenye rangi dhaifu huenda isisomeke kabisa. Huwezi kutabiri kwa njia hii itadumu miaka mingapi, ila unaweza kupanga chapa tatu za duka lako kwa mpangilio wa uvumilivu.

Sasa kasi. Watu wamegawanyika: wapo wanaochoma 16x kwa sababu kopo limeandikwa 16x, na wapo wanaoshuka hadi 1x au 2x wakiamini polepole ndiyo salama. Kwa diski za 16x, 8x ndiyo kasi ya kuanzia. Katika 16x diski huzunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika, na kila upungufu wa mizani au mpindo mdogo unakuwa mtikisiko mkubwa hasa nje. Faida yake ya muda ni ndogo mno, kwa sababu draivu huanza karibu 6x ndani na hufikia 16x mwishoni kabisa. Tofauti na 8x ni dakika mbili au tatu kwa diski. Upande wa pili, rangi ya diski za 16x ni nyepesi, imetengenezwa kwa leza ya nguvu inayopita haraka, na draivu nyingi hazina maelekezo mazuri ya kuichoma 1x au 2x. Matokeo yake diski ya 16x iliyochomwa 2x inaweza kuwa na makosa mengi kuliko ya 8x. Jaribu 8x, jaribu 12x kama draivu inayo, pima zote mbili, kisha chagua moja uandike kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: msimbo huu, draivu hii, kasi hii.

Ujazo nao unachaguliwa kwa makusudi. DVD-R ya tabaka moja inabeba baiti 4,707,319,808 na DVD+R baiti 4,700,372,992, na Windows itazionyesha zote kuwa karibu GB 4.38 kwa kuwa inahesabu kwa namna yake. Faili iliyojazwa hadi baiti ya mwisho kwa kipimo cha DVD-R haitaingia kwenye DVD+R. Lakini usijaze kabisa hata hiyo DVD-R. Eneo la data huanzia milimita 24 kutoka katikati na kuishia milimita 58. Ukisimama kwenye gigabaiti 4.3 za kawaida unaishia karibu milimita 56, na hizo milimita mbili unazoziacha ndiko rangi inakoweza kutofautiana unene, mpindo ni mkubwa, na vidole vya mteja hushika. Harusi ikigandia mwishoni, hugandia kwenye keki na shukrani za wazazi, na hakuna anayekumbuka kwamba saa moja na nusu ya kwanza ilikuwa safi.

Kwa gigabaiti 4.3, hesabu ya ubora inakwenda hivi. Dakika 90 zinakupa picha ya megabiti kama 6 kwa sekunde, dakika 120 zinakupa 4.5, na dakika 150 zinashuka hadi 3.6, sauti ya AC-3 ya kilobiti 224 ikiwa imeshatolewa. Video ya saa tatu kwenye diski moja itakuwa na mraba-mraba kila wanapocheza watu wengi au vumbi linaporuka. Igawe kwenye diski mbili. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha hadi megabiti 9.8, lakini kwenye diski ya kuchomwa weka kilele kisizidi 8, hata video ikiwa fupi. Deki inayosoma kwa taabu hukwama pale data inapofurika, na mteja huona picha ikisimama wakati wa fataki au kwenye kundi la wacheza ngoma wakati mazungumzo ya kawaida yanapita salama. Hapo diski haina kosa.

DVD-R au DVD+R? Kwa kumpa mteja usiyejua deki yake, DVD-R, hasa kama deki ni ya miaka ya 2000 mwanzoni. DVD+R ina sifa moja nzuri: draivu nyingi zinaweza kuiandika ijitambulishe kama DVD ya kiwandani, na deki nyingi zilizokuwa zikiikataa zinaikubali papo hapo. ImgBurn ina kitufe chenye picha ya kitabu kwa kazi hiyo, na mabadiliko yanafanywa kabla ya kuchoma. DVD-R haibadilishiki hivyo. Za kufutika, RW, ni za kujaribia menyu tu. DVD-R huakisi asilimia 45 hadi 85 ya mwanga wa leza, RW huakisi 18 hadi 30, na deki yenye leza iliyochoka haioni kitu humo. Diski za tabaka mbili zina mwakisi hafifu vilevile, ni ghali, na katikati ya filamu leza huruka kutoka tabaka moja hadi jingine, jambo linalogandisha picha kwa muda mfupi kwenye deki za bei nafuu. Diski mbili za tabaka moja ndani ya kava moja zinamfaa mteja zaidi.

Nakala ya ndugu aliyeko Toronto au Minneapolis iandaliwe kwa NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, pikseli 720 kwa 480 na picha 29.97 kwa sekunde. Za hapa kwetu na za Muscat ni PAL, 720 kwa 576 na picha 25. Deki nyingi za huku hucheza zote mbili. Za Amerika Kaskazini nyingi haziijui PAL, na diski nzuri kabisa itaonekana mbovu. Eneo la diski (region) liachwe wazi, yaani sifuri.

Wakati wa kuchoma, faili ya ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) iwe kwenye diski ya ndani ya kompyuta, isiwe kwenye flashi. Acha programu ipange folda ya VIDEO_TS yenyewe kwa mfumo wa UDF 1.02. ImgBurn hutenganisha faili za IFO, zinazoiongoza deki kwenye menyu na video, na nakala zake za BUP zisikae ndani ya kipande kimoja cha kilobaiti 32, kwa sababu mkwaruzo mmoja ungeua zote mbili na deki isione hata menyu. Choma kwa mkupuo mmoja na uifunge diski. Kama video ni fupi, ya dakika kumi tu, chagua kujaza angalau gigabaiti moja, kwani deki za zamani hutafuta mwisho wa data na hupotea zikiukuta karibu mno na katikati.

Umeme ni sehemu ya ubora wa diski kwetu. Ukikatika dakika ya sita ya kuchoma, hiyo DVD-R imekufa, haiendelezwi. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Anayetumia laptopu na raita ya nje nyembamba aangalie waya: raita hizo hula umeme mwingi leza inapopanda nguvu, na tundu moja la USB la laptopu kuukuu huenda lisitoshe. Dalili yake ni diski zinazofeli zote mahali palepale, kwenye chapa zote. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB kabla ya kutupa kopo.

Mteja akirudisha diski, swali la kwanza ni: inagandia wapi? Ikiwa ni palepale kila mara, na kwenye deki mbili tofauti, kosa liko kwenye diski au kwenye video yenyewe. Linganisha na ISO kwenye kompyuta. Ikiwa leo inagandia dakika ya 20 na kesho ya 47, leza ya deki imechafuka au imechoka. Deki ikisema hakuna diski kabisa, jaribu DVD+R iliyobadilishwa utambulisho kabla ya kuchoma nyingine ileile. Alama za vidole zifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Kufuta kwa kuzungusha kunatengeneza mkwaruzo unaofuata mfereji, na huo ndio leza isioweza kuuruka.

Stika za karatasi usizibandike. Zinavuruga mizani, zinavimba kwa unyevu, na baada ya miezi ndani ya gari lililoegeshwa juani zinapindisha diski nzima. Nunua diski nyeupe za kuchapishwa kwa printa ya wino. Choma kwanza, hakiki, kisha chapisha, na uziache zikauke siku nzima kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine. Kama ni kuandika kwa mkono, tumia makapeni laini ya wino wa maji. Kalamu ya kawaida ya wino inakandamiza, na msukumo huo unaweza kuidhuru diski.

Kuhifadhi, NIST ilishauri nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Mombasa, Tanga na Unguja hewa ya kawaida iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Bila kiyoyozi unachoweza kufanya ni giza na ukavu: kava ngumu zinazosimama wima, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyobadilishwa vikilowa. Mifuko laini ya albamu inagandana na uso wa diski kwenye joto. Diski tupu nazo zihifadhiwe hivyohivyo, kopo likibaki limefungwa hadi siku ya kutumika, na tarehe ya kununua iandikwe juu yake.

Kwa kila kazi isiyorudiwa, tengeneza nakala mbili za kumbukumbu kwa misimbo miwili tofauti, mfano moja MCC na nyingine ya kiwanda kingine, ili ugonjwa wa mzigo mmoja usizikumbe zote. ISO nayo ibaki kwenye diski kuu ya nje. Mara moja kwa mwaka toa chache uzipime kwa draivu ileile, ulinganishe na grafu ulizohifadhi siku ya kwanza. PIF zikianza kupanda, ikopi siku hiyo; usingoje ishindwe kusomeka. Na ikishashindwa, jaribu draivu tatu au nne za makampuni tofauti kabla ya kukata tamaa, ukianza na ile iliyoichoma, na usome kwa programu ya ddrescue ili sehemu nzima zitoke kwanza na zilizoharibika zirudiwe baadaye. Matokeo ya draivu mbili yanaweza kuunganishwa kwenye faili moja ya ISO, kwa sababu mahali inaposhindwa moja, mara nyingi nyingine inapita.